Saa Iacheni, Sogezeni Ratiba

Kila Jumapili ya mwisho ya Oktoba Uingereza hurudisha saa zake nyuma kwa saa moja, na Jumamosi inayofuata vijana wa mtaa wa Galbet, Garissa, hukuta mechi waliyozoea kuitazama saa 11 jioni imesogea hadi saa 12. Hakuna aliyewauliza. Mwishoni mwa Machi saa za London husukumwa mbele tena, na mechi hurudi saa 11. Kenya haijagusa saa yake tangu Vita vya Pili vya Dunia, lakini mabanda ya mpira ya Garissa hufuata mabadiliko ya London mara mbili kwa mwaka bila kukosa.

Hesabu hii inafaa ifanywe polepole kwa sababu inagusa swala. Garissa mjini jua huwahi kuzama mwanzoni mwa Novemba, karibu saa 12:09 jioni, na huchelewa zaidi katikati ya Februari, karibu saa 12:39. Mechi ikianza saa 12 kamili, kama ilivyo wakati wa baridi ya Uingereza, adhana ya magharibi huingia baina ya dakika ya 9 na ya 39. Hicho ni kipindi cha kwanza, kila mara. Mechi ikianza saa 11, mapumziko huisha saa 12 na dakika mbili tatu hivi, na adhana huangukia kipindi cha pili, tena kila mara. Mwaka mzima hakuna Jumamosi ambayo magharibi hukutana na mapumziko ya mechi hizo. Mwenye banda anayezima sauti ya runinga muadhini anapoanza analijua hilo bila kushika kalamu. Mshabiki naye, ukimuuliza ipi afadhali, atachagua ile ya saa 12: ukienda kuswali ukarudi, kipindi cha pili chote ni chako. Ile ya saa 11 hukunyima dakika za lala salama, na mabao ya dakika hizo ndiyo huzungumzwa wiki nzima.

Kwa maneno mengine, banda la mpira linataka Uingereza ibaki na saa yake ya baridi mwaka mzima. Chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani kilitoa msimamo kama huo kwa nchi yao mwaka 2020, kwa sababu za afya: mwili wa binadamu hupangwa na mwanga wa asubuhi, na saa iliyosukumwa mbele humwamsha mtu gizani. Si mara nyingi mshabiki wa Galbet na daktari wa Marekani hukubaliana.

Huko wanakobadilisha saa, karibu kila mtu amechoka. Mwaka 2018 Tume ya Ulaya iliomba maoni ya wananchi, wakajibu watu milioni 4.6, na asilimia 84 yao walitaka mchezo huo ukome. Machi 2019 Bunge la Ulaya lilipiga kura 410 dhidi ya 192 kuukomesha kufikia 2021. Mwaka wenyewe ulifika ukapita, na serikali za nchi wanachama hazikuafikiana. Marekani, Machi 2022, Baraza la Seneti lilipitisha bila kupingwa mswada wa kuifanya saa ya kiangazi iwe ya kudumu, ukaishia kwenye makabati ya Baraza la Wawakilishi. Kuacha kubadilisha ni jambo jepesi kukubaliana. Ugumu uko kwenye swali linalofuata: tukiacha, tubaki na saa ipi? Marekani ilishawahi kuijaribu saa ya kiangazi mwaka mzima, Januari 1974, wakati wa uhaba wa mafuta. Watoto walikuwa wakingojea mabasi ya shule gizani, wazazi wakaja juu, na kabla mwaka haujaisha sheria ilikuwa imebadilishwa.

Sisi tunahusikaje, mbali na mpira? Kwa simu. Familia nyingi za Garissa zina mtu Minneapolis, Columbus, Toronto, London au Oslo, na wengi wao walipitia kambi za Dadaab kabla ya kupelekwa huko. Minneapolis iko nyuma yetu kwa saa tisa wakati wa baridi na saa nane wakati wa kiangazi. London ni tatu, kisha mbili. Uzito wenyewe huja Machi. Wamarekani hubadilisha Jumapili ya pili ya mwezi, Ulaya hungoja Jumapili ya mwisho, kwa hiyo kwa majuma mawili au matatu mama mwenye mwana Minnesota na binti London hukuta mmoja amesogea na mwingine bado. Simu hulia akiwa kwenye swala ya isha, huku mpigaji akiamini ameshamaliza. “Hooyo, mbona hukupokea?” Naye mama, akimwita mwanawe kwa neno hilohilo la Kisomali la “mama”, hujibu, “Hooyo, nyinyi ndio mmehama, mimi niko palepale.” Kwa anayengoja arifa ya hawala kutoka kwa ndugu wa zamu ya usiku, au kijana wa Garissa anayefanya kazi za mtandaoni za kampuni ya nje, saa moja si jambo dogo.

Tuje kwenye jua lenyewe. London hupata mchana wa zaidi ya saa 16 na nusu mwezi wa Juni, na usiofika hata saa 8 mwezi wa Desemba. Mwenye mchana mrefu namna hiyo akifikiria kuhamisha saa moja ya mwanga wa alfajiri, aliyolala nayo, aipeleke jioni, namwelewa. Garissa imekaa chini kidogo ya mstari wa ikweta. Mchana wetu ni saa 12 na dakika saba hivi, na tofauti ya siku ndefu na fupi haizidi dakika chache. Hatuna mwanga wa akiba wa kuhamisha.

Hata hivyo si kweli kwamba jua letu halina majira, ingawa nimesikia hata walimu wa jiografia wakilisema hilo. Urefu wa mchana haubadiliki, lakini mchana mzima husogea. Novemba mwanzoni jua huwa utosini Garissa saa 6:05 mchana. Februari katikati ni saa 6:36. Macheo hutoka saa 12:01 hadi saa 12:32 asubuhi, na machweo hufuata. Chanzo ni njia ya dunia kulizunguka jua, ambayo si duara kamili, pamoja na mhimili wake ulioinama: mara jua hutangulia saa ya ukutani, mara huchelewa nyuma yake. Nusu saa nzima huenda na kurudi kila mwaka, na hakuna waziri anayeitangazia.

Sasa swali ambalo halijaulizwa sana Kenya: saa yetu ya ukutani inafuata jua la wapi? Saa ya Afrika Mashariki, tatu mbele ya Greenwich, hufuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki. Mstari huo haupiti popote ndani ya Kenya. Unapita kando kidogo ya Mogadishu. Kwa wastani wa mwaka, saa zetu zinapoonyesha saa 6 kamili za mchana, jua limekaribia utosi wa Mogadishu. Mandera bado dakika 13, Garissa 21, Nairobi 33, Busia 44. Taifa ambalo kwa miaka mingi lilimtazama Msomali wa kaskazini kama mgeni limekuwa likiamka, likila na kufunga ofisi kwa jua la Mogadishu. Sisemi ilikusudiwa. Nasema inachekesha.

Wala haikuwa hivyo tangu mwanzo. Wakoloni waliiweka Kenya saa mbili na nusu mbele ya Greenwich, kipimo kilichoingiana na jua la Nairobi kwa tofauti ya dakika tatu tu. Mwaka 1928 wakasogeza nusu saa mbele, hadi saa tatu kamili. Mapema 1930 wakarudi mbili na nusu. Mwisho wa 1936 wakaenda robo saa mbele, saa mbili na dakika 45. Katikati ya 1942, vita vikiwa vimepamba moto, wakaongeza robo nyingine, na hapo ndipo tulipo hadi leo. Mara nne ndani ya miaka 14! Wabishi wa Ulaya wa leo wana mengi ya kujifunza kutoka Nairobi ya wakati huo. Nikiyatazama mabadiliko hayo kwa jicho la jua, naona jambo moja: saa ya kiangazi ya nusu saa ilianzishwa, ikaondolewa, ikarudishwa kwa mafungu mawili, na haikuondolewa tena. Mkenya huambiwa kwamba kubadilisha saa ni mambo ya Wazungu, kumbe anaishi ndani ya mabadiliko ambayo hayakurudishwa.

Majirani wamelipitia hili karibuni zaidi. Sudan ilisogeza saa zake mbele kwa saa moja Januari 2000, watu waamke mapema. Ikazirudisha Novemba 2017. Sudan Kusini, iliyokuwa imeirithi saa hiyo, iliachana nayo Februari 2021, na jua la Juba likawiana tena na saa ya ukutani. Je, Kenya nayo irudi nusu saa? Kwangu hapana. Addis Ababa, Mogadishu, Kampala, Dar es Salaam na Riyadh zote zinatumia saa ileile. Mfugaji anayepeleka mifugo mnadani Garissa kutoka ng'ambo ya mpaka, mfanyabiashara anayengoja lori, hujaji anayewapigia walio nyumbani kutoka Makka: hakuna kati yao anayepiga hesabu ya kutoa na kujumlisha. Mtandao huo una thamani kuliko usahihi wa dakika 21. Na nchi zenye Waislamu wengi zilizoigusa saa kwa ajili ya jua zimekuwa na visa vyake. Morocco, tangu 2018, hukaa saa moja mbele mwaka mzima, kisha huirudisha kwa mwezi wa Ramadhani na kuisogeza tena baada ya Idi. Lebanon, Machi 2023, waziri mkuu Najib Mikati aliahirisha saa ya kiangazi ili waliofunga wafuturu saa 12 badala ya saa 1. Kanisa la Maronite likakataa, vituo vya televisheni vikagawanyika, na kwa siku kadhaa nchi moja ikawa na saa mbili, moja ya Waislamu na moja ya Wakristo. Aliyefunga alikaa na njaa kwa urefu uleule. Jua halikuahirishwa.

Msikiti wa mtaani una utaratibu mwingine, nao umekuwapo kabla ya mabishano yote haya. Tazama ukutani: pana saa ya umeme yenye tarakimu nyekundu, na chini yake jedwali la nyakati za swala. Saa haiguswi. Jedwali husogea dakika moja baada ya siku kadhaa, likifuata jua kutoka Novemba hadi Februari na kurudi. Wakati wa swala ya jamaa unawekwa na msikiti wenyewe, wenye kazi wasikose: adhuhuri huadhiniwa kwa mujibu wa jua, lakini jamaa inaweza kungojwa hadi karibu na saa 7, ofisi zinapofungwa kwa chakula cha mchana. Kipimo kimoja ni cha jua na kingine cha makubaliano ya watu. Serikali za Ulaya zimeshindwa kwa miaka kutenganisha vitu hivyo viwili. William Willett, Mwingereza aliyelipigia debe wazo la saa ya kiangazi tangu 1907, alitaka watu waamke mapema. Akaona kuwabadilishia saa ni rahisi kuliko kuwaomba wabadilishe ratiba. Hila hiyo imekaa zaidi ya karne, na gharama yake ni kwamba kila mtu huhamishwa pamoja, awe na haja au asiwe nayo.

Ratiba ya serikali isiyotazama jua nayo tunaijua. Baada ya shambulizi la Chuo Kikuu cha Garissa la tarehe 2 Aprili 2015, lililoua watu 148, serikali ilitangaza kafyu kuanzia saa 12 na nusu jioni hadi saa 12 na nusu asubuhi katika kaunti za Garissa, Wajir, Mandera na Tana River. Usalama ulikuwa na sababu zake, na sibishani nazo hapa. Lakini tazama saa. Mapema Aprili jua la Garissa huzama saa 12:28. Kafyu iliingia pamoja na magharibi na kuondoka baada ya macheo, kwa hiyo magharibi, isha na alfajiri, swala tatu kati ya tano, zote zilifungiwa ndani. Amri ileile ingeanza saa 2 usiku, mji ungeswali msikitini magharibi na isha. Aliyechagua nusu saa hiyo aliona mduara wa saa uliogawanywa katikati. Jedwali la ukutani sidhani kama alilitazama.

Hoja ya kuokoa nishati, iliyozipeleka Ujerumani na Uingereza kwenye saa ya kiangazi mwaka 1916, naipitia haraka. Nje ya mji wetu kuna mtambo wa sola wa megawati karibu 55, uliozinduliwa Desemba 2019, mkubwa kuliko yote ya aina yake Afrika Mashariki na Kati wakati huo. Matumizi ya umeme Kenya hupanda zaidi jioni, taa na majiko yanapowashwa, na wakati huo paneli za Garissa zimeshalala. Ungeweza kudhani kusogeza saa mbele kungesaidia. Kungehamisha kilele kidogo tu, kwa sababu giza letu huingia lilelile baada ya saa 12 na halina jioni ndefu ya kukopa. Dawa yake ni betri.

Mahali ambapo dakika zina maana kwetu ni darasani. Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zinaweka masomo ya shule za kutwa kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 9 na nusu alasiri, kutoka Limuru kwenye baridi hadi Galbet. Februari na Machi ndiyo miezi yetu ya joto kali, na ndiyo miezi ambayo jua limechelewa zaidi nyuma ya saa. Kengele ya saa 9 na nusu mwezi wa Februari hulia wakati jua, kwa kipimo chake, halijafika hata saa 9. Mtoto wa darasa la tatu hutolewa chini ya mabati yaliyochemka akatembea kwenye mchanga uliochemka zaidi. Novemba, kengele ileile hulia jua likiwa limeshateremka kwa nusu saa zaidi. Anayeandika ratiba moja ya mwaka mzima hadhani kama ameandika mbili, lakini miguu ya mtoto inazijua zote mbili.

Jibu la haraka ni kuanza mapema: saa 1 asubuhi hadi saa 7 mchana, mtoto awe nyumbani kabla joto halijakomaa. Nimelisikia pendekezo hilo barazani zaidi ya mara moja, na kila mara hukwama mahali pamoja, duksi, yaani madrasa ya Kurani. Saa ya ubaridi ya asubuhi ina mwenyewe tayari. Maalim huwachukua watoto baada ya swala ya alfajiri, mbao mikononi, na huwaachia wakimbilie shule. Februari jua huchomoza saa 12:32. Shule ikianza saa 1, duksi inabaki na kipande cha giza. Wazazi wengi hawatakubali, na wana haki ya kutokubali. Ukiihamishia duksi alasiri, umempa maalim mtoto aliyechoka na joto ulilolikimbia. Kila upande unagombea dakika 90 zilezile za asubuhi, na hakuna saa unayoweza kuigeuza zikawa 180.

Kwa hiyo mazungumzo yafanywe hapo, mwalimu mkuu, maalim na wazazi wakiwa mkeka mmoja, na yafanywe kwa misimu. Kuanzia Januari hadi Aprili, mapumziko marefu ya mchana kwa shule zilizo na kivuli na maji, au masomo mafupi yenye vipindi vilivyobanwa. Muhula wa tatu, ratiba ya kawaida. Nchi za Ghuba, ambako vijana wetu wengi wamefanya kazi, zinaonyesha kwamba ratiba inaweza kufuata joto bila kuigusa saa. Falme za Kiarabu hupiga marufuku kazi za juani kuanzia saa 6 na nusu hadi saa 9 mchana, tarehe 15 Juni hadi 15 Septemba. Qatar huanza mapema zaidi, saa 4 asubuhi hadi saa 9 na nusu, tangu Juni mosi. Tarehe zikiisha, ratiba inarudi. Mjenzi wa Doha hasogezi saa ya simu yake, na simu ya nyumbani Garissa haichanganyikiwi.

Sehemu ya kazi hii haihitaji Nairobi. Elimu ya chekechea, masoko na machinjio ya kaunti viko mikononi mwa kaunti kwa mujibu wa Katiba. Kaunti ya Garissa inaweza kuanza na chekechea zake Januari ijayo, watoto wa miaka minne na mitano wasiotakiwa kuwa darasani saa 8 mchana kwa sababu yoyote, na inaweza kuwaalika walimu wa duksi kwenye kikao cha kupanga badala ya kuwapelekea barua baada ya kupanga. Shule za msingi na za upili ni shauri la Waziri wa Elimu, na kwake ombi ni dogo: kifungu cha saa 2 hadi saa 9 na nusu kiongezewe ruhusa kwa kaunti za joto, kwa miezi inayotajwa, huku jumla ya saa za masomo ikibaki ileile.